Somo la Bustani: Ua la Haidrenjia na Rangi Zake

Labda mmoja wenu atauliza: Ua lina faida gani hata liandikiwe somo zima, nalo haliliwi wala halijazi ghala? Swali hili ni la haki, maana mwenye njaa hupanda maharagwe kwanza. Walakini ua tutakalolisema leo lilizusha maneno mengi katika usharika mmoja tuliokuwa tukiutunza, hata mama mjane akakaribia kunyang'anywa shamba lake. Na maneno yale yote yalitoka katika kutojua, nasi wenyewe tulikuwa miongoni mwa wasiojua. Kwa hiyo yatupasa kueleza kwanza ua lenyewe na matunzo yake, kisha tutasimulia habari ile.

1. Ni ua la namna gani

Mtu aliyetembea Lushoto na vijiji vya Usambara, au penginepo katika nchi zetu za milimani penye baridi, huenda amekwisha kuliona. Ni kichaka chenye kimo cha meta 1 hadi 2, chenye majani mapana yenye meno pembeni, yasimamayo mawili mawili yakielekeana. Maua yake hukusanyika kuwa tufe moja kubwa kama kichwa cha mtoto, nalo huwa la buluu, au la rangi ya waridi, au la zambarau, au jeupe.

Vile tuvionavyo kuwa ni petali, sivyo. Ni sepali, yaani yale majani madogo yafunikayo tumba la ua, ambayo katika mmea huu yamepanuka na kupata rangi. Ua la kweli ni dogo sana, nalo limejificha katikati. Ndiyo sababu tufe hilo hudumu majuma mengi bila kupukutika kama maua mengine.

Haidrenjia hii ya bustanini asili yake ni Japani. Huko huitwa ajisai, nayo huchanua wakati wa mvua za mwezi wa Juni na Julai. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Carl Peter Thunberg, aliiandika habari zake mwaka 1784. Baadaye Philipp Franz von Siebold, tabibu Mjerumani aliyefika Nagasaki mwaka 1823, aliipenda sana, akaiita aina yake moja otaksa, kwa kumkumbuka Kusumoto Taki, mama wa binti yake. Lakini jina haidrenjia lenyewe limetungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, maji na chombo, kwa kuwa kifuko cha mbegu zake chafanana na mtungi mdogo. Nalo jina hilo lafaa kwa sababu nyingine pia: mmea huu hupenda maji sana.

2. Mahali pa kuipanda

Haidrenjia hupenda jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Ukiipanda mahali pa jua kali mchana kutwa, majani yake huungua pembeni na maua hufifia upesi. Ukiipanda katika giza la miti mingi, huota majani mazuri lakini maua huwa machache. Basi upande wa mashariki wa nyumba ndio mahali pake pazuri. Usiipande chini ya mkaratusi, maana mti ule hunywa maji yote, na jirani yake hubaki na kiu.

Udongo uwe mlaini, wenye mboji nyingi, usiotuamisha maji. Chimba shimo la upana na kina cha sentimeta 50, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vema, na baina ya mche na mche acha nafasi ya meta 1 na nusu. Wengine hupanda karibu karibu ili ua wa nyumba ujae upesi, lakini baada ya miaka 3 vichaka hugombana, hewa haipiti, na ukungu mweupe hushika majani.

Wenzetu wa pwani wasituonee wivu. Huko joto ni jingi mno, na udongo uliotokana na mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, hata majani hugeuka manjano. Kila nchi ina maua yake, nao wana asumini isiyopatana na baridi yetu.

3. Kuzidisha mimea

Hakuna haja ya kununua mbegu. Haidrenjia huzidishwa kwa vipandikizi, na jirani mwema hatakunyima kimoja. Fanya hivi:

Kwanza, chagua tawi changa lisilo na ua, lenye afya, usilikate mchana wa jua bali asubuhi na mapema. Likate kwa kisu kikali, urefu wa sentimeta 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo cha majani, maana mizizi hutoka hasa katika kifundo.

Pili, ondoa majani ya chini, acha mawili ya juu tu, na hayo nayo uyakate nusu. Kipandikizi hakina mizizi bado. Kikiachiwa majani makubwa, hupoteza maji kuliko kiwezavyo kunywa.

Tatu, kichomeke katika udongo uliochanganywa na mchanga, ndani ya kopo lililotobolewa chini, ukiweke kivulini. Udongo uwe na unyevu daima, usiwe tope. Baada ya majuma 3 au 4, ukikivuta polepole nacho chakataa, jua kwamba kimeshika. Kitunze mpaka mvua zianze vema, ndipo ukipeleke bustanini.

Kuna njia nyingine rahisi zaidi kwa mzee asiyetaka kazi nyingi. Inamisha tawi la chini mpaka liguse ardhi, likwaruze kidogo upande wa chini, lifukie, na juu yake weka jiwe. Litaota mizizi lingali likinyonyeshwa na mama yake, nawe utalitenga baadaye.

4. Maji na chakula

Mizizi ya haidrenjia haiendi chini sana, kwa hiyo huona kiu mapema. Mchana wa jua utaona majani yamelegea kana kwamba mmea unakufa. Usiogope wala usikimbilie ndoo. Ngoja jioni, yakisimama tena yenyewe, mmea haukuhitaji maji. Lakini ukiyaona yamelegea asubuhi na mapema, hapo ni kiu ya kweli. Wakati wa kiangazi ndoo ya lita 10 mara mbili kwa juma yatosha kwa kichaka kikubwa, ukimwagia polepole penye shina.

Twajua ni nani achotaye maji hayo. Haifai baba kujisifia bustani yake ilhali mama na binti wapanda kilima na ndoo kichwani kwa ajili ya maua. Tumia maji yaliyooshea mboga, lakini si yenye sabuni, maana sabuni huharibu tabia ya udongo. Tena funika udongo kwa majani makavu, unene wa kiganja, bila kuyagusisha na shina. Kazi hiyo ya siku moja huokoa ndoo nyingi.

Chakula chake ni samadi iliyooza au mboji, mara mbili kwa mwaka, mvua zinapoanza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

5. Kupogoa

Katika jambo hili wengi hukosea. Wengine hukata kichaka chote mpaka karibu na ardhi, kama wakatavyo majani ya ng'ombe, kisha hushangaa kuona mwaka mzima kimeota majani matupu. Sababu ni hii: haidrenjia hii hutengeneza matumba yake katika ncha za matawi wakati wa baridi, kabla maua hayajaonekana kwa macho. Mwenye kukata matawi baada ya baridi amekata maua asiyoyaona.

Katika bustani yetu ya mlimani twapogoa maua yanapokwisha, mwezi wa Machi au mwanzo wa Aprili, ili matawi mapya yapate kukomaa kabla ya baridi ya Juni. Tufe lililokauka twalikata juu ya jozi ya kwanza ya macho yaliyonona. Matawi makavu na yale mazee dhaifu twayatoa toka chini, lakini hatuzidishi theluthi moja ya kichaka kwa mwaka mmoja.

6. Tahadhari

Majani na matumba ya haidrenjia yana sumu. Yakitafunwa huleta maumivu ya tumbo na kutapika. Usikate matawi yake ukawatupia mbuzi, wala usiwaache watoto wadogo kuyachezea kama mboga. Wakati wa ukame tazama chini ya majani, utitiri hujificha hapo. Na wakati wa mvua konokono hula machipukizi usiku, nao huokotwa kwa mkono penye taa.

7. Rangi zake, na habari ya mama mjane

Sasa twafika penye jambo lililotufanya tuandike.

Mama huyo alifiwa na mumewe baada ya ugonjwa wa muda mrefu. Penye mlango wa nyumba yao palikuwa na haidrenjia ya buluu ambayo marehemu aliipanda mwenyewe. Mama akakata kipandikizi, akakiotesha, akakipanda kichwani pa kaburi. Kwa miaka 3 kilichanua maua ya buluu kama ya mama yake. Mwaka wa nne ndugu wa marehemu wakachanga fedha, wakamwita fundi, naye akalijengea kaburi kwa mawe na saruji. Ilikuwa kazi njema, na kila mtu aliisifu.

Msimu uliofuata kichaka cha kaburini kikachanua chekundu-chekundu, rangi ya waridi iliyokolea. Cha mlangoni kikabaki buluu.

Hapo maneno yakaanza. Mmoja akasema, ile ni rangi ya damu. Mwingine akasema, marehemu hakuridhika huko aliko. Wa tatu akauliza, kama mtu aulizaye tu, ni nani aliyempikia alipokuwa mgonjwa. Haukupita muda mrefu, shemeji zake wakaacha kumwamkia, kisha wakasema kwamba shamba la juu, lenye migomba na kahawa, halifai kukaa mikononi mwa mtu wa namna ile.

Mama akaja kwetu. Nasi tulimjibu nini? Tulimwambia, "Mama, vumilia. Maneno ya watu ni upepo, yatapita." Akashukuru, akaenda zake. Neno lile lilikuwa jepesi midomoni mwetu, maana halikutugharimu kitu. Hatukuamini maneno ya wale watu, lakini hatukuwa na la kuwajibu, kwa kuwa hatukujua kwa nini ua limegeuka. Basi tukanyamaza miezi kadhaa, na watu wakauhesabu unyamavu wetu kuwa ushahidi.

Siku moja tulikuwa tumesimama nyuma ya jiko letu. Pale tuna haidrenjia kuukuu, na kila siku majivu ya jikoni humwagwa upande wake mmoja. Tukaona upande wa majivu maua ni ya waridi, na upande wa pili, shina lile lile, maua ni ya buluu. Tumekipita kichaka kile kila asubuhi kwa miaka, tusione. Ndipo tulipotafuta kitabu, tukauliza kwa bwana shamba, tukajifunza haya yafuatayo.

Rangi ya haidrenjia yategemea udongo. Katika udongo kuna madini yaitwayo alumini. Udongo ukiwa mchachu, alumini huyeyuka katika maji, mizizi huinywa, nayo ikifika katika ua hushikana na rangi iliyomo na kuifanya buluu. Udongo usipokuwa mchachu, alumini hufungika isiweze kunyweka, na rangi ile ile hubaki ya waridi. Wataalamu hupima uchachu kwa kipimo cha pH: penye 5.5 au chini yake maua huwa ya buluu, penye 6.5 au zaidi huwa ya waridi, na katikati yake huwa ya zambarau au huchanganyika. Maua meupe hayageuki, maana hayana rangi ile.

Udongo wetu mwekundu wa milimani, uoshwao na mvua nyingi, ni mchachu kwa kawaida. Kwa hiyo haidrenjia zetu nyingi ni za buluu. Lakini majivu, chokaa na saruji huuondoa uchachu. Na fundi yule alikorogea saruji yake kichwani pa kaburi, hatua moja toka penye kichaka, na hapo hapo akaosha vyombo vyake. Mvua zikafanya kazi iliyobaki.

Tulipowaeleza wale ndugu, walitusikiliza kwa adabu, lakini tuliona hawakusadiki. Mmoja wao, mzee wa heshima, akasema, "Mchungaji, kitabu chako hakikumjua ndugu yetu." Hatukumlaumu. Mtu aliyesadiki kwa macho yake hageuzwi kwa masikio tu.

Basi tukafanya hivi. Mwezi wa Februari tulichukua miche 2 ya umri mmoja, iliyozaliwa na kichaka cha mlangoni pa mama. Tukaipanda katika madebe 2, kwa udongo mmoja uliochimbwa mahali pamoja. Katika debe moja tukachanganya chokaa, konzi mbili. Katika la pili hatukutia kitu. Yule mzee mwenyewe ndiye aliyetia chokaa kwa mkono wake, na madebe yakawekwa barazani pake, si petu, ili asiwepo mtu wa kusema tumeyachezea. Aliyamwagilia yeye.

Tukangoja miezi 9. Ilikuwa miezi mirefu kwa mama kuliko kwetu.

Mwezi wa Novemba mzee akatuma mtoto kutuita. Tulipofika tulimkuta ameketi baina ya madebe yake. La kulia lilikuwa na ua la buluu, la kushoto lilikuwa na ua la waridi, kama lile la kaburini. Hakusema neno juu ya maua. Alituuliza tu kama mama yupo nyumbani siku ile. Kisha akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda kwake kwa miguu, wala hakutaka tufuatane naye. Yaliyosemwa huko hatukuyasikia, nasi hatukuuliza. Lakini mvua zilipofuata, watoto wa shemeji walikuwa wakipalilia migomba katika shamba la juu pamoja na shangazi zao, na shamba ni la mama hata leo.

Baadaye tulimwambia mama kwamba kichaka cha kaburini chaweza kurudishwa buluu. Kazi yake ni hii: kuondoa mabaki ya saruji, kutia mboji nyingi, na kuyeyusha shabu, kijiko kimoja cha mezani katika lita 4 za maji, kumwagia mara chache kwa msimu penye udongo uliokwisha loweshwa, na kwa mimea iliyotimiza miaka 2 tu, maana shabu ikizidi huunguza mizizi. Mwenye kutaka rangi ya waridi naye atie chokaa au majivu kidogo kidogo. Mama akasikiliza yote, akasema, "Liacheni lilivyo, Mchungaji. Sasa halinitishi."

Wasomaji wapenzi, twaandika haya si kwa kujisifu. Jibu lilikuwa nyuma ya jiko letu siku zote, na mama mmoja aliteseka kwa kuwa hatukutazama. Mtu akija kwako na shida, usimpe methali kisha ukaenda kulala. Uliza, chimba, pima. Na kama hujui, sema hujui, kisha utafute.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini haidrenjia ipandwe mahali pa jua la asubuhi na kivuli cha alasiri?
2. Utajuaje kwamba mmea ulio na majani yaliyolegea una kiu ya kweli?
3. Mtu akipogoa kichaka chote mwezi wa Agosti, atakosa nini, na kwa sababu gani?
4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe namna saruji ilivyogeuza rangi ya ua la kaburini.
5. Je, katika kijiji chako kuna jambo ambalo watu husema ni ishara, nalo halijachunguzwa? Ni nani aumiaye kwa ajili yake?